Kucha mbili zimekufa ndani ya mabuti ya namba yangu: kosa ni la kiatu, la mguu au la mteremko?

#1 Mwendo wa Kobe
Salaam wakuu. Nimerejea kutoka safari ya miguu ya siku nne milimani, na naandika nikiwa nimeuweka mguu juu ya kiti kwa sababu kucha mbili zimegeuka rangi ya wino. Nilivaa mabuti mapya ya ngozi yanayofunika kifundo, ya namba ileile ninayovaa katika viatu vyangu vyote, na dukani yalinikaa barabara. Siku tatu za kupanda sikusikia lolote. Siku ya nne tuliteremka kutwa nzima, zaidi ya mita 1,500 kwenda chini, na haikufika saa mbili vidole vikaanza kugonga mbele ya kiatu kwa kila hatua, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na wenyewe. Mwenzangu alivaa raba nyepesi ambazo nilizicheka tulipokuwa tunaanza safari, naye amerudi bila hata lengelenge moja.

Swali langu ni hili: kosa ni la mabuti, la miguu yangu, au ndivyo mteremko unavyomfanya kila mtu? Nataka kujua kabla sijayauza, maana bado yanang'aa.

#2 Kipimo Kamili
Pole sana. Jibu umelitoa mwenyewe uliposema "namba ileile ninayovaa katika viatu vyangu vyote". Mguu wa mtu aliyeketi kutwa si mguu wa mtu aliyetembea saa sita na mzigo mgongoni. Wayo hutanuka kwa uzito, mguu huvimba kadiri siku inavyosonga, na kiatu kilichotosha asubuhi hubana jioni. Ndiyo maana kiatu cha safari hujaribiwa jioni, pamoja na soksi utakazotembea nazo, na wengi wetu huongeza nusu namba au namba nzima.

Isitoshe, namba yenyewe si kitu cha kuapia. Namba za Ulaya hupishana kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7, ilhali za Uingereza hupishana kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5, na kila kiwanda hushonea kwenye kalibu yake, nyembamba au pana kadiri kipendavyo. Fanya jambo moja leo: itoe soli ya ndani, iweke sakafuni, isimamie kwa uzito wako wote, kisha utazame kama mbele ya kidole kilicho kirefu zaidi imebaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Ikiwa haikubaki, usiende mbali kutafuta mchawi.

#3 Mzee wa Soksi
Ndugu zangu mnakimbilia kiatu kabla hamjauliza soksi. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, ngozi ya mguu inalowa na kulainika, na mguu uliolowa huteleza ndani ya kiatu kama sabuni kwenye sinia. Sufu huweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kwamba imelowa, na hubaki na unene wake. Mleta uzi, ulivaa soksi gani?

#4 Raba Daima
Mimi nitasema wazi kwamba mabuti marefu ni mazoea tu. Tangu Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika kilele cha Everest mwaka 1954, wapanda milima wana usemi kwamba ratili moja mguuni ni sawa na ratili tano mgongoni, na usemi huo si porojo. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu humwongezea mtu matumizi ya nguvu kwa karibu asilimia moja. Mabuti ya ngozi yana uzito wa kilo moja na nusu kwa jozi, na raba za njiani hazizidi gramu 700. Hesabu hatua za siku nne, kisha uniambie kwa nini mwenzako alirudi akiwa mzima.

Nani atasema kwamba raba hazifiki mbali? Emma Gatewood wa Marekani aliitembea njia yote ya Appalachian mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 67, zaidi ya kilomita 3,000, kwa raba za kitambaa na mfuko alioutupia begani.

#5 Jiwe Tambarare
Marekebisho madogo kwa Raba Daima: Hillary na Tenzing walifika kileleni tarehe 29 Mei 1953. Mwaka 1954 ni wa K2, mlima uliopandwa kwa mara ya kwanza na Waitalia. Kosa lako lina faida, kwa kuwa Waitalia hao walipanda wakiwa na soli za mpira zenye meno, ambazo zilitokana na msiba. Mwaka 1935 Vitale Bramani, mpanda milima wa Milan, alipoteza wenzake sita katika milima ya Alps. Waliokuwa kwenye miamba siku ile hawakuwa wamevaa viatu vinavyofaa baridi na barafu, maana desturi ilikuwa kuyaacha chini mabuti yenye misumari na kuvaa viatu vyepesi vya kukwea. Miaka miwili baadaye alitoa soli ya mpira yenye meno makubwa, kwa msaada wa kiwanda cha matairi cha Pirelli, na jina la Vibram, linaloandikwa kwenye soli hizo, limetokana na jina lake. Kwa hiyo tunapozungumzia uzito tusisahau soli. Kiatu chepesi chenye soli iliyolika ni chepesi cha kukupeleka bondeni.

Na huyo bibi wa Appalachian alimaliza jozi kadhaa za raba njiani. Hilo huwa halisimuliwi.

#6 Kifundo Kimoja
Nimesoma "mazoea tu" nikatabasamu. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na raba kama hizo kwenye njia ya mawe yaliyolegea, mguu ukaingia kati ya mawe mawili, kifundo kikapinduka kwa nje, na nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinavyovunjwa. Nilibebwa kwa zamu na watu wanne hadi barabarani. Tangu siku hiyo sivai kiatu kisichofunika kifundo, na sijateguka tena.

#7 Raba Daima
Nakubali mwaka 1953, na ahsante. Pole pia kwa Kifundo Kimoja. Lakini kuna jaribio lililochapishwa mwaka 1993 ambalo liliwagawa wachezaji wa mpira wa kikapu zaidi ya 600 wa vyuo, wengine wakapewa viatu virefu na wengine vifupi, na idadi ya waliotegukwa haikutofautiana kwa kiasi cha kuonyesha kwamba kiatu kirefu kinakinga. Kinachoukinga mguu ni misuli na wepesi wake wa kujibu. Mguu uliozoea kufungwa ndani ya buti husahau kazi yake.

#8 Kifundo Kimoja
Sakafu ya mpira wa kikapu ni mbao zilizonyooka, na mchezaji habebi kilo 15 mgongoni. Nitakubaliana nawe siku watakapolirudia jaribio hilo juu ya mawe yanayobingirika, saa kumi na moja jioni, mtu akiwa amechoka na mvua inanyesha.

#9 Kamba Tatu
Naona kucha za mleta uzi zimesahauliwa. Nimetembea na watu wengi wenye malalamiko kama yake, na mara nyingi kiatu hakikuwa kifupi, ila kilifungwa kwa namna moja kuanzia asubuhi hadi jioni. Kupanda na kuteremka havihitaji kamba za aina moja. Unapopanda, unalegeza juu ili mguu ukunjike vizuri. Unapofika mahali njia inapoanza kushuka, unasimama, unapigapiga kisigino chini ili kirudi nyuma kabisa, kisha unaanza upya.

Nitaeleza ninavyofanya. Mahali wayo unapokutana na mguu, pale penye mkunjo, nazungusha kamba mbili mara mbili badala ya mara moja, halafu nazivuta hadi zijikaze zenyewe na zisirudi nyuma hata nikiziachia. Hilo ndilo fundo la mpasuaji, na fundo hilo hutenganisha sehemu ya chini ya kiatu na ya juu, ili kamba za vidoleni zibaki na ulegevu wake huku za kifundoni zikikaza. Kisigino kikifungwa namna hiyo, mguu hausogei mbele. Mleta uzi, uliwahi kusimama kufunga upya kamba kabla ya mteremko?

#10 Muuguzi wa Zamu
Kabla ya mengine, naomba tuweke sawa suala la kucha zenyewe. Rangi hiyo ni damu iliyovilia chini ya ukucha baada ya kugongwa mara nyingi. Ikiwa maumivu yanapwita kama moyo katika siku ya kwanza au ya pili, mhudumu wa afya anaweza kuutoboa ukucha tundu dogo ili kupunguza msukumo. Ikiwa hauumi, uache ulivyo wala usiung'oe, kwa maana unaikinga ngozi ya chini hadi utakapoachia wenyewe. Kucha za miguu huota polepole mno, karibu milimita moja na nusu kwa mwezi, na ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka mmoja au mwaka na nusu kurudi kamili.

Jambo moja la kuangalia: doa la damu husogea mbele pamoja na ukucha unavyoota. Doa au mstari mweusi usiosogea, au unaoenea hadi kwenye ngozi ya shina la ukucha, hauhusiani na kiatu, na unapaswa kuonyeshwa kwa daktari mapema, kwa kuwa zipo saratani za ngozi zinazoanza hivyo.

Nami naongeza sababu yangu. Wengi hawakati kucha kabla ya safari. Ukucha uliopita ncha ya kidole ndio unaogonga kwanza, hata kama kiatu kina nafasi.

#11 Mwendo wa Kobe
Nashukuruni. Nimefanya alilosema Kipimo Kamili, na pia nimelegeza kamba, nikasukuma vidole hadi vikagusa mbele, na kidole changu cha shahada kimepita nyuma ya kisigino bila shida. Kwa hiyo buti si fupi. Kucha nilizikata siku mbili kabla ya safari. Kamba, nakiri, nilizifunga asubuhi na kuzifungua jioni, kwa siku zote nne.

#12 Kamba Tatu
Basi kesi imekwisha.

#13 Kipimo Kamili
Haijakwisha. Umesema kucha mbili, na sote tumedhani ni ukucha mmoja kwa kila mguu. Je, ni za mguu mmoja au miguu miwili? Na uliisimamia soli ya mguu upi?

#14 Mzee wa Soksi
Na soksi?

#15 Mwendo wa Kobe
Swali zuri, na limenilazimu kuinuka kitini. Kucha zote mbili ni za mguu wa kulia, kidole gumba na cha pili. Mguu wa kushoto hauna hata alama. Nimeweka karatasi ukutani, nikasimama, nikapiga mstari mbele ya kidole kirefu cha kila mguu. Kushoto ni milimita 268 na kulia ni milimita 262. Nimepima mara tatu kwa sababu sikuamini: umri huu wote sikujua kwamba miguu yangu hailingani.

Sasa nashangaa zaidi. Ikiwa kiatu kifupi ndicho kinachoua kucha, mbona umeumia mguu mfupi?

#16 Kifundo Kimoja
Kobe mwenye miguu isiyolingana. Hatimaye tumejua kwa nini mwendo ni ule.

#17 Kipimo Kamili
Sasa uzi huu umeanza. Tofauti ya milimita 6 si ndogo, ni karibu namba nzima ya Ulaya. Ulipokuwa dukani, naamini ulijaribu kiatu cha kushoto, ama kwa bahati, ama kwa sababu ndicho kilichowekwa rafuni.

Ikiwa ndivyo, jozi yako imechaguliwa na mguu mrefu, na mguu mfupi umepewa nafasi ya ziada. Watu hudhani nafasi ya ziada ni usalama, kumbe kwenye mteremko nafasi hiyo ni uwanja wa kukimbilia. Mguu wa kushoto umejaa kiatu na umetulia, na wa kulia unateleza sentimita moja kila hatua na kugonga ukuta. Kifaa cha chuma chenye kitelezi, kilichobuniwa na Charles Brannock wa Marekani katika miaka ya 1920, kingeonyesha jambo hilo kwa dakika mbili, kwa sababu hupima miguu yote miwili, tena vipimo vitatu: urefu hadi ncha ya kidole, urefu hadi kwenye nundu ya kidole gumba, na upana. Kipimo cha pili husahaulika sana. Watu wawili wenye miguu yenye urefu mmoja wanaweza kukunjika mahali tofauti, na buti la ngozi ngumu lisipokunjika pale mguu unapokunjika, kisigino hunyanyuka na kidole husukumwa.

#18 Mwendo wa Kobe
Ni kweli nilijaribu cha kushoto. Cha kulia kilikuwa ndani ya boksi, na muuzaji alisema vyote ni sawa.

#19 Raba Daima
Muuzaji hakukosea. Viatu ni sawa, wewe ndiye si sawa.

#20 Hatua Elfu
Samahani kwa kuingia nimechelewa. Maelezo ya Kipimo Kamili ni mazuri, ila yana tundu. Mimi miguu yangu inalingana, nimepimwa kwa kifaa hichohicho, na kila safari ndefu ukucha wa kulia huumia na wa kushoto hubaki salama. Nilikuja kugundua kwamba kwenye mteremko natanguliza mguu wa kulia kila penye ngazi au jiwe refu. Mguu unaotua kwanza hubeba uzito wote pamoja na mzigo na mwendo wa kushuka, na wa nyuma hufuata taratibu. Ukiteremka mita 1,500 kwa mguu mmoja unaofunga breki, hata kiatu cha kushonewa maalumu hakikuokoi.

Ningependa pia kujua mwenzako alibeba uzito gani. Tunasifu raba zake bila kuuliza mgongo wake.

#21 Mwendo wa Kobe
Mimi nilibeba kilo 14, pamoja na hema. Yeye alikuwa na kilo 6. Sikuwa nimelifikiria hilo, na nitalizungumza naye kwa utulivu.

#22 Sindano na Gundi
Mimi ni fundi viatu, na naomba msiusahau upande wa kiatu chenyewe. Kulia na kushoto si sawa kama muuzaji anavyosema. Nimefungua jozi nyingi na kukuta soli ya ndani ya mguu mmoja imekatwa fupi kidogo, au imeteleza mbele na kujikunja chini ya vidole, na mkunjo huo wa milimita mbili hukinyanyua kidole hadi ukucha uguse paa la kiatu. Hapo ukucha unagongwa kutoka juu, wala si kutoka mbele. Ingiza mkono hadi mwisho, upapase kwa ncha za vidole, na ulinganishe na cha pili. Tazama pia doa la damu lilipoanzia: likiwa ncha ya ukucha, uligonga mbele, likiwa katikati au karibu na shina, kiatu kilikubana kwa juu.

Kwa kuwa umesema yanang'aa, nina swali jingine: yalikaa muda gani rafuni kabla hujayanunua? Soli ya kati ya mabuti mengi ni poliurethani, ambayo huozeshwa polepole na unyevunyevu wa hewa, hasa penye joto, hata kama buti halijavaliwa hata siku moja. Ya nje yatakuwa mazuri kama jana, lakini baada ya miaka kadhaa ukiibonyeza soli kwa kidole gumba, kidole kinazama na unga unadondoka. Soli ikianza kulegea upande mmoja, mguu unainama mbele bila wewe kujua.

#23 Jiwe Tambarare
Fundi amenikumbusha aibu yangu. Nilikuwa na mabuti niliyoyatunza kwa miaka tisa, nikiyapaka mafuta na kuyarudisha kwenye boksi, nikiyavaa mara mbili kwa mwaka. Katika safari moja soli ya kushoto ilibanduka yote saa tatu asubuhi, na ya kulia ikafuata saa nne, kana kwamba zilikuwa zimepatana. Nilizifunga kwa kamba za hema na kutembea kilomita 11 nikiburuza miguu. Wenzangu walisema ni gundi iliyoyeyuka kwa jua. Fundi wangu alisema ni yale mafuta niliyopaka hadi kwenye mshono wa soli. Hadi leo sijui nimwamini nani, ila nilikusanya vipande vyake mfukoni na vilikuwa vinavunjikavunjika kama chaki.

#24 Sindano na Gundi
Kama vilivunjika kama chaki, si gundi. Gundi ikiachia, soli hutoka nzima na unaweza kuirudisha. Ila mafuta nayo siyaondolei lawama, kwa sababu nimeona yakilegeza mshono wa mpira na ngozi.

#25 Peku Mtembezi
Mnabishana kuhusu ukuta ambao mngeweza kuubomoa. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 bila viatu, na ukucha wake haukugonga popote. Mguu ulio wazi hujifunza kutua kwa mbele na kwa wepesi.

#26 Jiwe Tambarare
Alikimbia peku Roma mwaka 1960, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu, na akamaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11 hivi, kasi kubwa zaidi. Mfano wako unaweza kutumiwa na upande wowote, na tena ile ni barabara, si mteremko wenye changarawe.

#27 Muuguzi wa Zamu
Kwa Peku Mtembezi: sikatai, lakini anayetoka kwenye buti gumu na kuingia peku au kwenye viatu vyembamba kwa wiki moja huja kwetu na maumivu ya mifupa ya wayo, wakati mwingine imepata ufa. Mifupa huhitaji miezi ya kuzoea.

#28 Hatua Elfu
Suala la nafasi ndani ya kiatu si la jana. Yule mtu wa barafu, Ötzi, aliyepatikana mwaka 1991 kwenye mpaka wa Italia na Austria baada ya kulala zaidi ya miaka 5,000, alikuwa na viatu vya ngozi vilivyojazwa nyasi kavu, zikishikiliwa na wavu wa nyuzi za gome la mti. Wataalamu huzitaja nyasi hizo kama kinga ya baridi, lakini mtu yeyote aliyewahi kuvaa kiatu kikubwa ataona kazi yake ya pili: kuujaza uwazi ili mguu usikimbie. Mleta uzi anahitaji nyasi zake kwenye mguu wa kulia, iwe ni soli ya ndani ya ziada au soksi ya pili nyembamba.

#29 Mzee wa Soksi
Mnaona sasa? Tumezunguka Tokyo na Roma tumerudi kwenye soksi. Nami bado sijajibiwa.

#30 Mwendo wa Kobe
Wakuu, nimerudi na matokeo. Wiki mbili zimepita, maumivu yamekwisha, na nimefanya majaribio kwenye ngazi za jengo la ghorofa kumi na mbili, nikibeba zile kilo 14 na kutazamwa na walinzi kwa mashaka makubwa.

Mara ya kwanza nilishuka kama nilivyokuwa safarini, na kidole cha kulia kiligonga kuanzia ghorofa ya saba. Mara ya pili niliongeza soli nyembamba katika kiatu cha kulia pekee. Hakikugonga kabisa, lakini nilipofika chini sehemu ya juu ya wayo ilikuwa imekufa ganzi. Mara ya tatu nilitoa soli hiyo na kufunga fundo la mpasuaji. Mguu ulitulia, nikafurahi, nikarudia tena na tena, na kwenye mzunguko wa nne kidole kikaanza kugonga ingawa fundo lilikuwa halijalegea. Mara ya nne nilitanguliza mguu wa kushoto kwa makusudi, nikajikwaa mara mbili, na hapakuwa na kugonga upande wowote, lakini nilikuwa naenda polepole mno hata sijui kama jaribio hilo linahesabika.

Nimepapasa pia ndani kama fundi alivyoelekeza. Soli ya ndani ya kulia haijajikunja. Doa la kidole gumba limeanzia ncha, na la kidole cha pili limeanzia karibu na shina.

#31 Sindano na Gundi
Kidole gumba kimegonga mbele na cha pili kimebanwa kwa juu. Hizo ni sababu mbili ndani ya kiatu kimoja, na ya pili ni ya kina cha kiatu, haiponi kwa soli ya ziada. Soli ya ziada itakinyanyua kidole hicho kikaribie paa zaidi.

#32 Kamba Tatu
Fundo lilishika mizunguko mitatu. Ngozi mpya hunyooka ikipata joto, kwa hiyo ulipaswa kufunga upya kabla ya mzunguko wa nne. Siondoki kwenye msimamo wangu.

#33 Kipimo Kamili
Nami siondoki kwenye wangu. Soli ya ziada ndiyo iliyozuia kugonga moja kwa moja. Ganzi ni kwa sababu hukulegeza kamba za juu ya wayo baada ya kuinua mguu. Ruka tundu moja la kamba pale panapobana, urudie.

#34 Raba Daima
Au azime raba za mwenzake kwa mzunguko mmoja, akiwa na kilo zilezile 14. Mbona jaribio hilo halikufanyika?

#35 Mwendo wa Kobe
Raba zake nimeziomba. Ni namba mbili chini ya yangu, na bado tunazungumza kwa utulivu kuhusu lile hema.

Nitashuka tena Jumamosi, nikiwa nimeruka tundu moja kama Kipimo Kamili alivyosema na nikifunga upya kila ghorofa ya sita kwa heshima ya Kamba Tatu. Ukucha wa kidole cha pili umeachia leo asubuhi, nimeukuta ndani ya soksi nilipokuwa naivua. Kwa taarifa ya Mzee wa Soksi, ni soksi ya sufu, na ndizo nilizovaa safari nzima.